Mwaka Nilioandika kwamba Wamekubali

Ujumbe wa Alphonse uliingia kwenye simu yangu asubuhi, nikiwa jikoni napuliza makaa yaliyolowa. Sikuufungua mpaka maji ya chai yalipochemka, maana kwa miaka mingi jina lake likitokea huwa ni salamu za Mwaka Mpya anazowatumia watu wote kwa pamoja. Safari hii ilikuwa sauti, maneno machache tu: "Masika, Mama Vero ametuacha jana. Matanga iko Yalikoso. Niliona heri ujue." Nyuma yake aliwika jogoo, kisha ujumbe ukakatika. Niliusikiliza mara tatu. Mume wangu akaniuliza nani amekufa, nikamjibu ni mama wa mtu niliyefanya naye kazi zamani. Sikusema uongo, lakini nilisema kidogo sana. Kisha nikageuka kuendelea na makaa, nikashukuru kwamba moshi humpa mtu sababu ya kufuta macho bila kuulizwa.

Watu wakitaka habari za utoto wangu, mabibi na mababu na duka la tonton, mjomba wangu, pale sokoni, huwaambia wakaulize wengine, kwa sababu si huko nilikoanza kuwa huyu niliye. Nilianza katika mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, ndani ya nyumba ya zamani yenye dari refu karibu na mto hapa Kisangani, ambayo Mradi uliikodi iwe ofisi. Tuliuita Mradi tu, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Chumba chetu kilikuwa na meza tatu, kabati la chuma lisilofungika vizuri, na marundo ya majani ya miti yaliyokaushwa katikati ya magazeti ya kale, hata nguo zetu zote zikanuka majani makavu. Juu yetu kulikuwa na feni iliyotegemea umeme wa maporomoko ya Tshopo, na kwa kuitazama tulijua hali ya mitambo: siku njema karatasi ziliruka, siku mbaya ungeweza kuhesabu mapanga yake yakipita moja moja. Mkuu wetu, Chef Gaspard, aliyetoka Kinshasa na suti mbili, alisema feni ile ndiyo ripoti ya kweli ya nishati ya taifa. Huko nyuma ya nyumba ilinguruma jenereta ya mafuta, ili kompyuta ziandike vizuri kuhusu nishati safi. Tulicheka sana juu ya jenereta ile, na tulikuwa wa kwanza kuulalamikia ukimya wake mafuta yalipoisha.

Kazi yenyewe naweza kuieleza kwa maneno machache, ingawa wakati ule ilielezwa kwa makabrasha. Nchi zilizokuwa zikitoa moshi mwingi zilikuwa zimeanza kuelewana na nchi zenye misitu: ninyi mtaacha miti isimame, nasi tutawasaidia mpate taa za jua, majiko yanayokula kuni kidogo, na njia nyingine za kuishi. Ili jambo hilo liaminike, ilibidi miti ipimwe, ijulikane imebeba kaboni kiasi gani, na ilibidi kila kijiji kiulizwe kama kinakubali sehemu ya msitu wake ifungwe. Huko kuuliza kwanza ndiko Monsieur Henrik alikokupigania. Alikuwa mtu mrefu mwenye masikio mekundu, aliyetumwa na moja ya nchi zilizosaidia, naye alikuwa ameshinda katika kumbi nyingi akibishana na wakubwa wake kwamba hakuna msitu utakaofungwa bila ridhaa ya wenyewe. Nasema hivyo ili nisieleweke vibaya. Sijawahi kukutana na mgeni aliyetuheshimu kama yeye, na ndiyo maana ninayosimulia hapa yananichoma zaidi.

Mimi niliajiriwa kuandika namba na kutafsiri. Alphonse aliajiriwa kutaja majina ya miti. Alikuwa mtoto wa mto, wa kwao Yalikoso, upande wa Yanonge, na hakuwa na diploma yoyote ya miti, lakini alikwaruza ganda kwa ncha ya panga, akanusa, wakati mwingine akaonja, kisha akataja jina kwa Kilokele na kwa lile la kitabu. Maprofesa walimpinga, wakafungua vitabu vyao, wakafunga. Tulipima kila mti kwa utepe, kwenye kimo cha kifua, na mti mkubwa ulihitaji watu wawili: mmoja anashika mwanzo wa utepe, mwingine anazunguka. Mimi nilishika, yeye alizunguka. Nilimsikia akikanyaga majani upande wa pili nisikomwona, halafu mkono wake ukatokea upande wangu wa kushoto na utepe ndani yake, na vidole vyetu vikakutana pale namba iliposomwa. Nilizisoma namba hizo polepole kuliko ilivyohitajika. Mpaka leo nikipita kando ya mti mnene huwa nasikia hatua zake upande wa pili, na nimekwisha kuacha kujikaripia kwa ajili hiyo.

Tukiwa Yalikoso, wanawake wa timu tulilala katika nyumba ya mama yake. Mama Vero alikuwa mjane mfupi, mwenye sauti nzito ya kiume, na jiko lake lilikuwa kibanda cha majani chenye dari la fito ambako samaki walikaa siku nyingi juu ya moshi. Hapo ndipo nilipofundishwa kutwanga lituma, ndizi na muhogo pamoja, mpaka donge liache kushikamana na kinu. Nilitwanga vibaya. Alinicheka waziwazi, akasema wafanyabiashara wa mjini mikono yao inajua kupokea tu, kisha akanisogezea bakuli la kwanza kabla ya mwanawe. Aliniita "mutoto wa batu", mtoto wa watu, kwa namna iliyonifanya nijisikie mgeni na mwenyeji kwa pamoja. Siku moja nilimsikia, nikiwa nyuma ya ukuta wa jiko, akizungumza na shemeji yake Papa Lotika, aliyekuwa mzee wa ukoo. Walikuwa wanajadili lini waende mjini kumwona tonton wangu, na kama kwa mahari kwetu watu wanapokea mbuzi au wanataka ng'ombe kama kule Kivu. Papa Lotika alisema ng'ombe hawezi kuogelea mpaka Yalikoso. Mama Vero akamjibu kwamba msichana yule ameshafika bila kuogelea. Nilibaki pale na ndoo ya maji mkononi, nikiwa na furaha ya kijinga ambayo sijaipata tena kwa ukubwa ule.

Sehemu ya msitu ambayo Mradi uliitaka ilikuwa ng'ambo ya kijito, na sehemu kubwa yake ilikuwa mapori ya ukoo wa marehemu mume wa Mama Vero: mashamba ya zamani yaliyoachwa yapumzike. Kwenye karatasi zetu yaliandikwa "msitu unaokua upya", na kweli miti ilikuwa inapanda upesi. Kwa Mama Vero lilikuwa shamba lililolala. Alijua mwaka atakaoliamsha, alijua sehemu ya mpunga na sehemu ya muhogo, na alijua mti upi hushusha viwavi mvua zikianza, wale mbinzo ambao mwenye familia hawezi kupita msimu bila kuwala. Magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua, na shamba lile lilikuwa karibu. Yote haya nilikuwa nimeyasikia nikila chakula chake. Kuyasikia niliyasikia.

Siku ya mkutano Alphonse hakuruhusiwa kutafsiri. Chef Gaspard alisema haifai mtoto wa kijiji atafsiri maneno ya kijiji chake, watu wa nje wataona kuna upendeleo. Kwa hiyo kazi ikawa yangu. Alphonse alibaki mjini na magazeti yake ya majani, na kabla sijapanda mtumbwi wa mashine aliniambia tu, "Uwasikilize." Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mimi masikio ninayo. Tulikaa chini ya paa la kanisa, kwa sababu ndilo lililokuwa kubwa. Monsieur Henrik alizungumza kwa Kifaransa chake cha taratibu, nami nikageuza kwa Kiswahili: mkutano wa mataifa kuhusu tabianchi unakaribia, nchi yetu inataka kuonyesha vijiji vilivyokubali kwa hiari yao, na Yalikoso inaweza kuwa ya kwanza. Alieleza taa, majiko, na mipaka. Alisema mara tatu kwamba wanaweza kukataa. Nilitafsiri mara tatu. Alipomaliza, hakuna aliyesema kitu. Papa Lotika alitazama mikono yake. Wanawake walitazama mto. Mama Vero alikuwa mstari wa pili, akanitazama mimi, na nikamtabasamia.

Nieleze hapa kosa langu lilikotoka, maana si kila mtu angelifanya. Nilikulia katika duka. Katika duka la tonton, mteja anayebishana anatafuta mlango wa kutokea. Anayetaka kitu kweli, ukishataja bei hunyamaza, na biashara ikiisha mmoja wenu huleta kinywaji au chakula, mnakula pamoja, neno limefungwa. Sikuhitaji kufundishwa, nililijua kama kupumua. Kwa hiyo ule ukimya wa Yalikoso ulipoingia masikioni mwangu, niliupokea kama mtoto wa duka. Kisha wakatupa chakula: pondu ya majani ya muhogo, samaki, wali wa mpunga mpya. Tulipokuwa tunaondoka Papa Lotika mwenyewe akatuletea kuku mzima, aliyechomwa na kufungwa ndani ya majani, wa kula njiani. Wazee walikuwa wameandika majina yao kwenye orodha ya waliohudhuria. Ukurasa uliofuata, penye nafasi ya uamuzi, ilikuwa kazi ya mtafsiri kujaza. Katikati ya mto, vidole vikiwa na mafuta ya kuku, niliandika kwa Kifaransa safi kwamba jamii imekubali bila pingamizi lolote. Monsieur Henrik aliusoma mstari ule na masikio yake yakazidi kuwa mekundu. Alisema amengoja miaka mingi kusoma sentensi kama hii.

Siku nne baadaye Alphonse, aliyekuwa amekwenda kwao baada ya mkutano, alirudi. Niliona tangu mlangoni kwamba hajafurahi. Alikaa kwenye meza yake, akapanga magazeti ambayo yalikuwa yamepangika, kisha akauliza kwa sauti ya chini.

"Kisha Monsieur kumaliza kusema, bazee walifanya nini?"

"Walinyamaza."

"Kisha?"

"Kisha walitupatia chakula. Papa Lotika alitufungia kuku."

"Kuku muzima?"

"Muzima."

Aliweka mikono yote miwili juu ya meza. "Donc walikatala, Masika. Kwetu mutu akipenda kitu, atabishana na weye mpaka jua izame. Atauliza hii, atauliza ile, atakuchokesha. Akinyamaza na akikufungia kuku, iko anakuambia enda muzuri, na ile maneno usirudie nayo tena. Bazee wanawaza mulisikia. Mama alianza kufyeka shamba tangu juzi."

Nilimwambia haiwezekani. Nilimwambia wangesema, waliambiwa mara tatu kwamba wanaweza kukataa. Akanijibu kwamba walisema, kwa heshima yote waliyonayo, na kwamba kumkatalia mgeni usoni mbele ya watoto kwao ni sawa na kumvua nguo. Hakuwa na hasira nami siku ile, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Alisema ni kosa tu, hata yeye angekosea kwetu. Monsieur Henrik angeondoka na ndege ya Ijumaa kupeleka faili Kinshasa, na siku ile ilikuwa Jumatano. Nilichotakiwa kufanya ni kuingia chumba cha pili na kusema: nilikosea, walikataa. Maneno mawili.

Nilikwenda. Watu wengi wanaodhani nawafahamisha kila kitu hawajui kwamba nilikwenda, nikafika mpaka mlangoni. Ukuta wa kati ulikuwa wa mbao nyembamba, na kabla sijagonga nikasikia wananizungumzia. Chef Gaspard alikuwa anasema bila msichana huyu wasingepata kijiji hata kimoja, kwamba ana kipaji cha kuwaingia watu. Monsieur Henrik akasema mwakani wanapaswa kunipeleka kwenye mkutano wenyewe wa mataifa, nisimame na kueleza jinsi Yalikoso ilivyoulizwa na jinsi ilivyojibu, maana kule kila mtu anazungumza juu ya vijiji na hakuna aliyewahi kukisikia kimoja. Alisema jina langu vizuri, Masika, si kama wengine walivyolivuta. Feni ilikuwa inazunguka polepole. Niligonga, nikaingia, wote wawili wakanitabasamia, na mdomo wangu ukafunguka ukasema nimekuja kuomba ufunguo wa kabati. Chef akanikumbusha kwamba kabati halifungwi. Tukacheka wote watatu.

Alhamisi nilijiambia nitasema Ijumaa asubuhi. Ijumaa asubuhi nilijiambia barua itakuwa bora kuliko mdomo. Saa sita ndege ilipita juu ya ofisi, tukaisikia wote, na Alphonse akainua macho kutoka kwenye majani yake.

"Ulisema?"

"Bado."

Alirudi kwenye kazi yake, akataja majina ya miti mpaka msimu wa kupima ukaisha, lakini utepe akampa mtu mwingine azunguke. Nilingoja anikaripie, nikamkosa hata wa kunikaripia. Kwa watu wake, mtu anayekupenda hubishana nawe. Hilo nilikuwa nimekwisha kufundishwa, na safari hii nililielewa vizuri. Papa Lotika hakuja kwa tonton. Mkutano wa mataifa ulifanyika mbali, katika mji wenye theluji, na picha ya Yalikoso ikaonyeshwa ukutani, kanisa na watu chini ya paa lake. Niliambiwa watu walipiga makofi. Mwaka uliofuata hawakunipeleka, kwa sababu wakubwa wa Monsieur Henrik walimhamishia bara lingine, na aliyekuja baada yake alikuwa na mtafsiri wake.

Baadaye nilisikia yaliyofuata kwa watu wa boti. Ubao ulipigiliwa ng'ambo ya kijito: hapa hapalimwi. Watu wa Yalikoso walipouliza, walionyeshwa karatasi. Mama Vero akaacha shamba alilokuwa ameanza kulifyeka, akapata lingine mbali, mwendo wa asubuhi nzima kwa magoti yake. Taa za jua zilikuja kweli. Niseme haki yake: mkunga alizalisha kwa mwanga ule, na wanafunzi walisoma. Majiko yalikuja pia, na mengine yalipasuka na mengine yanapika hadi leo. Sijui kupima shamba la mwanamke mmoja kwa mizani moja na mwanga wa kijiji, na nimewasikiliza wataalamu wengi waliojidai wanajua. Ninachojua ni kwamba mwenye shamba aliulizwa, akajibu, na jibu lake likabadilishwa njiani na mtu aliyekula chakula chake.

Tangu hapo nimefanya kazi ile ile katika miradi mingine. Wanakuja kwa sauti mpya, siku hizi wanazungumza juu ya mpito wa nishati, paneli, mitambo ya Tshopo itakayofufuliwa, mikataba kati ya mabara. Mimi huwafundisha vijana wa timu jinsi ya kuuliza kijiji. Huwaambia warudi mara ya pili, na ya tatu, bila wageni, wakae jikoni, waulize jibu lilikuwa nini. Wananiona mkali. Mmoja aliwahi kuniuliza nilijifunza wapi, nikamjibu, shambani. Majuto ni mjukuu, walisema waliotangulia, na wa kwangu amekua, anakaa nami nyumba moja, namfahamu kwa hatua zake.

Niliposhuka Yalikoso siku ya pili ya matanga, nilikuwa na mfuko wa sukari, kitenge kipya, na woga wa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Nguzo ya taa ya gatini ilikuwa imesimama bila paneli. Ng'ambo ya kijito msitu ulikuwa umefunga kabisa, mweusi na mzuri, miti tuliyoipima ikiwa vijiti sasa ina vifua vipana, na ubao ulikuwa bado pale, umechakaa hata hausomeki. Hakuna mradi tena, lakini hakuna aliyerudi kulima. Nilisimama nikautazama msitu kwa muda mrefu, nikautamani na kuuchukia kwa pamoja. Alphonse alikuja kunipokea pale. Ana mvi, na mkao wake ni wa baba yake mdogo Lotika, ambaye alikufa zamani. Tuliulizana habari za watoto. Kisha nikayasema, nimesimama kwenye matope, kwa Kiswahili cha huku na bila kupamba: kwamba nilifika mlangoni siku ile, kwamba niliwasikia wakinisifu, kwamba nilitaka kusifiwa kuliko nilivyotaka kuwa mkweli, kwamba nilimnyang'anya mama yake shamba na kujinyang'anya yeye. Nilisema nimekuja kuyasema mbele ya familia yote kama atakubali.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Masika, Mama alijua."

Alieleza polepole, akitazama maji. Ijumaa ile ile alipanda boti, akamwambia mama yake kila kitu, na Papa Lotika akataka waje mjini Jumatatu, waingie ofisini, wakatae kwa mdomo, kwa kelele, mbele ya wazungu na serikali. Bado walikuwa na wakati, faili lilikuwa Kinshasa tu. Mama Vero ndiye aliyewazuia. Shamba lilikuwa lake, na neno lake likapita. Alphonse alijaribu kuyarudia maneno yake kwa ile sauti nzito, na kwa kidogo akaweza.

"Alisema: shamba ingine itapatikana. Lakini tukienda kule, ule mutoto watamupatisha haya mbele ya batu yote, watamufukuza, na ile haya itamufuata mpaka kwa nyumba ya bwana yake. Na nyumba ya bwana yake iko hapa kwangu. Siwezi kuvunja nyumba yangu juu ya muhogo."

"Na weye?" nilimuuliza. "Mbona hukuniambia?"

"Miye nilikuwa na hasira. Niliwaza utakuja weye mwenyewe. Yeye pia aliwaza vile. Miye nilichoka kungoja, nikaoa. Yeye hakuchoka."

Sikulia hapo. Nililia tulipofika uwanjani, nilipowaona wanawake wamekaa chini kwa makundi, kila kundi na mkeka wake: dada za marehemu upande huu, majirani upande ule, na mbele kabisa, karibu na mlango wa nyumba, wake za watoto wake, nywele zimefunguliwa, nyuso zimepakwa majivu. Nilikwenda kukaa na majirani, nyuma, mahali pa mtu aliyefahamiana na marehemu. Dada mkubwa wa Mama Vero, bibi kikongwe ambaye sikumkumbuka, akaniita kwa jina langu na kunizuia kwa fimbo.

"Si pale," alisema. "Mudogo wangu aliacha neno. Masika akikuja, akae na ba belle-fille."

Uwanja mzima ulisikia: nikae na wake za watoto wake. Nilimtazama Alphonse, naye akawa anatazama chini. Nikamtazama mke wake, mwanamke mwenye uso mpana na uchovu wa siku mbili za kulia, ambaye alikuwa na kila haki ya kukataa, na kwao kukataa ni kunyamaza. Alisogea kwenye mkeka, akapiga kwa kiganja pale alipoachia nafasi.

"Kuja," alisema. "Umechelewa sana. Mama alikuwa anauliza kila Pasaka kama boti ya mujini imefika. Juu ya nini ulichelewa vile?"

Nikakaa. Akachovya vidole kwenye bakuli la majivu, akanipaka usoni.